Ndoto ya Haika inasomeka kama ya kubandikwa: nimwandikeje kijana maskini anayetaka jambo?

Karani wa Njoro (Moshi)

Ndugu wanajukwaa, ninaandika riwaya ya vijana ambayo imefika sura ya saba na imegoma kusonga tangu Pasaka. Naomba msaada wenu juu ya jambo moja tu, nalo ni ndoto ya mhusika wangu mkuu.

Anaitwa Haika, ana miaka 15, na hadithi inapoanza mwaka 2018 yuko kidato cha pili katika shule ya kata iliyoko Uru, juu kidogo ya mji wa Moshi. Baba yake amefariki. Mama yake anafanya kazi za ndani Dar es Salaam na hutuma fedha mwezi huu akaruka miezi miwili, kwa hiyo Haika analelewa na bibi yake mzaa baba, mwenye miaka 74, katika kihamba, yaani shamba la ukoo la Kichaga, chenye migomba, mibuni michache iliyozeeka na ng'ombe mmoja wa kufungiwa bandani. Jioni hukata majani ya ng'ombe, na Jumamosi hushuka na ndizi kuziuza Mbuyuni. Katika sura ya tatu anafukuzwa shule kwa kukosa ada ya shilingi 20,000, na katika sura ya tano binamu yake Elia, mwenye miaka 16, anaacha shule na kwenda kubeba mizigo ya watalii mlimani ili amsaidie.

Ndoto ya Haika ni kuwa daktari wa KCMC, hospitali kubwa ya hapa Moshi. Nimeitaja katika ukurasa wa kwanza, nimeiweka katika sala zake, na katika sura ya nne nimewaleta wageni wa shirika la hisani ambao wanamsimamisha mbele ya darasa na kumwuliza anataka kuwa nani atakapokuwa mkubwa. Anajibu kwa sauti iliyo wazi, na wageni wanapiga makofi. Nilidhani kwamba hapo msomaji atatokwa na machozi.

Mke wangu, ambaye amezaliwa Uru na ndiye msomaji wangu wa kwanza, aliisoma sura hiyo huku akichambua mchele, akanirudishia karatasi zangu na kusema, "Huyu mtoto hataki udaktari. Wewe ndiye unayemtakia." Nilinuna siku nzima. Kisha niliisoma upya, nikaona kwamba ukimwondoa Haika na kumweka msichana mwingine yeyote kutoka wilaya yoyote ya nchi hii, zile sentensi zangu hazitahitaji kubadilishwa hata neno moja.

Shida yangu ni hii. Nikiipunguza ndoto yake ikawa kutaka cherehani au kibanda cha mboga, naogopa kwamba nitakuwa namwambia msomaji kijana kwamba maskini na aote kimaskini. Nikiiacha kubwa, inakuwa bango la barabarani. Je, ninyi mnaipataje ndoto ambayo ni ya mhusika mwenyewe? Na njia ya kuifikia ionyeshwe kwa kiasi gani, bila kuigeuza riwaya kuwa taarifa ya afisa elimu?

Mwalimu wa Ngarenaro (Arusha)

Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari za Arusha kwa miaka 26, na katika muda huo nimesahihisha insha zenye kichwa "Ndoto yangu maishani" za kutosha kujaza kabati. Zaidi ya nusu ya waandishi wake walikuwa madaktari. Waliobaki waligawana urubani, uanasheria na ualimu, ingawa wale wa ualimu nadhani walikuwa wakinistahi tu. Niliwaamini wote kwa miaka mingi, hadi nilipoanza kuwauliza daktari hufanya nini tangu asubuhi mpaka jioni, nikaona wengi hawana la kusema. Hawakuwa waongo. Walikuwa wamejifunza kwamba swali lile lina jibu lake, kama vile shikamoo ilivyo na marahaba yake, na kwamba mtoto mwenye adabu hamjibu mtu mzima kwa kusema "sijui".

Huku kwetu na huko kwenu Moshi jambo hili lina uzito wa ziada, kwa sababu wageni wanaouliza swali hilo ni wengi, na mara nyingine jibu zuri limemletea mtoto madaftari, au hata mtu wa kumlipia masomo. Haika anaposimama mbele ya wale wageni hafungui moyo wake, bali anafanya kazi, na hiyo ni kazi yake ya pili baada ya ile ya kukata majani. Ukiitazama sura ya nne kwa jicho hilo, hutalazimika kufuta jibu lake. Utaandika kilichomo kichwani mwake wakati makofi yanapigwa, na labda uso wa msichana wa dawati la nyuma ambaye wageni waliotangulia walipomwuliza alijibu "mpishi" na hakupewa kitu.

Baada ya hapo jiulize anaficha nini. Kijana asiye na kitu hujifunza mapema kulificha analolitaka kweli, kwa kuwa likijulikana litachekwa, au litaombwa ligawanywe, au litamtia uchungu mama ambaye hawezi kulitoa. Mimi humtafuta mhusika katika mambo anayoyafanya bila kutumwa. Umetuambia kwamba Haika anatumwa majani na anatumwa sokoni, lakini hujatuambia anakwenda wapi siku asipotumwa.

Niruhusu pia nikusahihishe kidogo, maana kalamu nyekundu haistaafu. Mwaka 2018 shule ya kata isingemfukuza mwanafunzi kwa ada ya shilingi 20,000. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliiondoa ada hiyo hadi kidato cha nne, na utekelezaji wake ulianza Januari 2016. Ama uirudishe hadithi nyuma hadi mwaka 2015, ama umpe Haika shida ya wakati wake: sare, madaftari, mchango wa chakula cha mchana, viatu. Ningekuwa wewe ningechagua viatu. Ada hudaiwa kwa tarehe na ikilipwa husahaulika, lakini kiatu kilichoachama humsemea mtoto kila anapopiga hatua.

Halafu kuna hesabu ya miaka, na hapa ndipo njia ya kuifikia ndoto inapoweza kuwa hadithi badala ya taarifa. Kwa mtaala wa miaka hiyo, mwanafunzi anayeingia kidato cha tatu aliendelea na biolojia na hisabati kwa lazima, lakini fizikia na kemia alizichagua au aliziacha. Kwa msichana anayesema daktari, mlango upo hapo, na unafungwa siku ya kawaida kabisa, mwalimu akiwa ameshika orodha na kuuliza nani anaendelea na nani anaacha. Akiupita, ana miaka 2 ya kidato cha tatu na cha nne, miaka 2 ya kidato cha tano na cha sita katika mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), pengine katika bweni la mkoa mwingine, miaka 5 ya chuo kikuu, na mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Ukijumlisha miezi ya kusubiri matokeo, unakaribia miaka 11. Bibi atakuwa na miaka 85, kama Mungu atamjalia, na katika miaka hiyo yote ng'ombe atakuwa anakula majani yaliyokatwa na nani? Mwache Haika aifanye hesabu hiyo mwenyewe kwenye jalada la daftari, bila wewe kumweleza msomaji neno lolote juu ya mfumo wa elimu.

Mgumu wa Zamani (Machame)

Shikamoo Mwalimu. Mimi si mwandishi, bali ni msomaji wa jukwaa hili, na mambo ya daktari nawaachia wenye elimu. Nimeingia kwa ajili ya Elia, kwa sababu nilibeba mizigo mlimani kwa miaka tisa kabla ya kuwa mwongozaji, na naona kwamba kijana huyo ameletwa katika hadithi ili afanye kazi ya mtu mwingine, kama tunavyoletwa sisi.

Kwanza, mpagazi anapaswa kuwa ametimiza miaka 18, na mzigo wake hupimwa kwa mizani langoni usizidi kilo 20. Kijana wa miaka 16 aliyepita langoni atakuwa amepita kwa jina la mtu mwingine, tuseme kwa kitambulisho cha kaka yake, na ukilikubali hilo utakuwa umepata sura nzima ya hofu, kwa sababu kila askari wa hifadhi anayemtazama mara mbili njiani atakuwa anamtazama kaka yake.

Pili, watu wa mjini hudhani kwamba mbeba mizigo hufika kileleni kila safari. Katika njia ya Machame tunalala Shira, Barranco, Karanga, kisha Barafu, ambako ni juu ya mita 4,600. Usiku wa manane mgeni huondoka Barafu na waongozaji wake kuelekea Uhuru, mita 5,895, nasi wagumu, yaani wapagazi, hubaki kambini, na asubuhi hufungasha mahema na kungoja ashuke ili tuelekee Mweka. Kwa hiyo kijana anaweza kuupanda mlima huu miaka mitatu mfululizo na asijue kilele chake kina sura gani isipokuwa kwenye picha za simu za wageni. Mimi nilifika Barafu mara 14 kabla ya kufika Uhuru. Nilifika siku ambayo mwongozaji msaidizi aliugua, na nilipofika sikuona furaha niliyoitarajia. Niliona baridi, nikaona pia kwamba kibao ni kifupi kuliko nilivyodhani.

Mleta mada anauliza kama ndoto iwe kubwa au ndogo. Nilipoanza nikiwa na miaka 19, nilichokitaka kilikuwa viatu. Nilibeba nikiwa na raba zilizofunguka soli, nikazifunga kwa kamba ya katani, na akili yangu yote ilikuwa chini, miguuni. Kuwa mwongozaji sikukuwaza, kwa kuwa nilidhani waongozaji huzaliwa hivyo. Nilipopata viatu, vya mtumba kutoka Kiborloni, ndipo nilipoinua kichwa na kuanza kumsikia mwongozaji akiwatajia wageni majina ya maua. Nikataka kuyajua yale majina. Nilipoyajua kama ishirini hivi, nikataka Kiingereza cha kuyasemea, na nilipokipata kidogo nikaanza kutaka fedha za kozi. Sijui ndoto ile utaipima kwa futi gani, ila najua kwamba nisingeiona kozi kabla ya kupata viatu.

Fedha za kozi nilizikusanya mara mbili. Mara ya kwanza kampuni niliyoibebea ilitulipa pungufu ya tulivyoahidiana, nikakasirika wiki nzima, nikaanza upya. Mara ya pili nyumba ya mama ilikuwa inavuja, nikanunua bati 12. Hilo halikunikasirisha hata kidogo, lakini ndilo lililonichelewesha zaidi, maana bati zilidai mbao, na baada ya mbao ikaja ada ya mdogo wangu. Ninyi waandishi mnapenda kumwekea kijana maskini adui mwenye sura mbaya, baba mlevi au mama wa kambo. Mimi sikuwa na adui. Nilikuwa na mama mwema anayelowa.

Binti Themi (Arusha)

Naomba nitofautiane na Mwalimu, kwa heshima zote. Nimekulia Unga Limited, nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, tukiwa watu sita. Nilisimamishwa mbele ya wageni kama Haika, nikajibu daktari, na nilimaanisha. Linaloniudhi katika mjadala wa namna hii ni kwamba mtoto wa Njiro, mtaa wa wenye uwezo, akisema atakuwa rubani, wazazi wake humnunulia kitabu cha ndege na hakuna anayemhoji, lakini wa Unga Limited akitaja jambo hilohilo, wasomaji huuliza wazo hilo amelitoa wapi. Mtoto wa Njiro naye mara nyingi amelitoa kwenye televisheni.

Kwa hiyo, mleta mada, usiuondoe udaktari kwa sababu tu unasikika sana. Tafuta mzizi wake. Mimi nilikuwa na miaka 11 mdogo wangu alipopatwa na homa kali, tukampeleka zahanati usiku. Tabibu alimweka kwenye mizani, akaandika kilo zake pembeni ya karatasi, akazidisha, akagawanya, akatazama juu kidogo kama mtu anayehakiki, kisha akavunja kidonge katikati. Nilikuwa nazipenda hesabu na sikuwahi kujua zina kazi gani nje ya mtihani. Koti lake jeupe silikumbuki, na sidhani hata kama alikuwa amelivaa. Nakumbuka lile jibu la kugawanya lilivyogeuka kuwa nusu ya kidonge kwenye ulimi wa mdogo wangu. Tangu siku hiyo nikawa nagawanya kila kitu nyumbani, mpaka maharage, na mama akanikataza.

Nataka kuongeza jambo moja ambalo silioni katika hadithi tunazosoma. Leo mimi ni tabibu, si daktari. Nilichagua stashahada ya utabibu ya miaka 3 badala ya kusubiri njia ndefu aliyoihesabu Mwalimu, kwa kuwa nilikuwa na watu wa kulisha. Shangazi yangu huwaambia watu kwamba ndoto yangu ilitimia. Mimi hukubaliana naye siku za kawaida, na siku nyingine, ninapoandika barua ya kumpeleka mgonjwa kwa daktari, sikubaliani naye. Riwaya zetu humpa kijana maskini moja ya miisho miwili: ama anapata yote, ama mji unamla na tunamzika. Mwisho wangu mimi hauna hadithi, na kila siku nafanya kazi na watu wenye mwisho kama wangu.

Fundi wa Sakina (Arusha)

Nina neno fupi tu. Mwezi Juni 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia serikali vipande viwili vya tanzanaiti kwa takriban shilingi bilioni 7.7, na huku kwetu vijana hawakuzungumza jambo jingine mwezi mzima. Walichokisahau ni kwamba mtu yule alikuwa ameshachimba kwa miaka mingi, na kwamba kwa kila anayepata jiwe wako wanaapolo, yaani vibarua wa machimbo, wasiohesabika wanaoingia shimoni kwa chakula na ahadi ya mgawo. Waandishi nao wana jiwe lao, na jiwe hilo ni mfadhili. Shirika lile la hisani ulilolileta katika sura ya nne nimeliogopa tangu niliposoma swali lako, kwa sababu nahisi litarudi katika sura ya mwisho na kulipa kila kitu. Kama ndivyo ulivyopanga, tafadhali lipoteze njiani.

Karani wa Njoro (Moshi)

Fundi, umenifuma. Shirika lilikuwa linarudi katika sura ya kumi na nane, na gari lake lilikuwa jeupe. Nimelifuta.

Nawashukuru wote, na nimebadilisha mambo ya ukweli kama mlivyoelekeza. Elia sasa ana kitambulisho cha kaka yake, na Haika hafukuzwi tena kwa ada. Lakini lililonisaidia zaidi ni swali la Mwalimu kuhusu mahali anapokwenda asipotumwa. Sikuwa na jibu, nikamwuliza mke wangu alikuwa anakwenda wapi alipokuwa na umri huo. Alinyamaza kwa muda, akaendelea na kazi yake, kisha akasema alikuwa anashuka chini ya kihamba cha baba yake, mahali mfongo, yaani mfereji wa maji, unapopinda, palipokuwa na magimbi. Kaka zake walikuwa wameshaonyeshwa kila mmoja sehemu yake, na yule kitinda mimba alijulikana kuwa atabaki na nyumba. Yeye hakuna aliyemwonyesha kitu, kwa hiyo alijionyesha mwenyewe pale kwenye kona. Hakumwambia mtu yeyote. Tumeoana miaka kumi na minane na mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kuambiwa, tena kwa sababu ya riwaya.

Haika ana baba mdogo aliye mjini, ambaye ndiye kitinda mimba na ndiye anayetazamiwa kurithi pale bibi anapoishi. Kwa hiyo nimejaribu kuiandika upya sehemu ya baada ya wageni. Naomba mniambie kama bado namtakia mimi:

"Wageni walipoondoka, Haika alivua viatu akavishika mkononi, akashuka mpaka chini kabisa ambako mfongo unapinda. Ilikuwa zamu yao ya maji. Aliondoa magome ya mgomba yaliyouziba, maji yakaingia, yakaanzia kwenye magimbi kama kawaida yake. Akahesabu mibuni. Jana ilikuwa kumi na tisa na leo ilikuwa kumi na tisa, lakini aliihesabu kila alipofika, akianza na ule uliogusana na mpaka. Mitatu ilifaa kung'olewa. Mahali pake pangekaa miche mipya, kama mtu angeweza kupanda mahali ambapo si pake. Daktari, alisema kimoyomoyo, akilionja lile neno. Lilikuwa neno zuri. Lilikuwa limeleta madaftari manne na kalamu mbili."

Binti Themi (Arusha)

Sasa namwona. Aliponishika ni pale anapoihesabu mibuni ambayo anajua haijabadilika. Nina ombi moja tu: usilifanye lile neno daktari kuwa la uongo mtupu. Umeandika kwamba lilikuwa neno zuri na kwamba alilionja, na hapo umeacha upenyo. Uache wazi. Msichana wa miaka 15 anaweza kulitaka shamba jioni na kuutaka udaktari asubuhi kipindi cha biolojia, na wakati wa kuchagua fizikia na kemia utakapofika, asijue ni Haika yupi anayenyoosha mkono.

Mwalimu wa Ngarenaro (Arusha)

Nakubaliana na Binti Themi, na naondoa nusu ya niliyoyasema juu ya insha zangu. Huenda baadhi ya wale madaktari wangu walikuwa na nusu ya kidonge mahali fulani, nami sikuwauliza vizuri.

Kuhusu kihamba, umeingia mahali penye utajiri mkubwa, basi usipite haraka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Mila nayo ina njia zake, na kijana wa miaka 15 haoni sheria, huona nani anaonyeshwa mpaka na nani anaambiwa akalete maji ya kunywa wakati mpaka unaonyeshwa. Usilipeleke jambo hili mahakamani, maana riwaya itakushinda. Lipeleke Desemba. Baba mdogo anakuja kula Krismasi kama wanavyokuja wote, gari limejaa, mbuzi amechinjwa, mbege ipo, na kesho yake asubuhi anashuka chini ya kihamba akiwa na futi ya kupimia, kwa nia njema kabisa, kwa sababu anataka kumjengea mama yake choo cha kisasa. Hapo ndipo mahali panapomfaa. Mgumu amekwisha kutufundisha juu ya mama mwema anayelowa, na sioni kwa nini baba mdogo naye asiwe mtu mwema.

Na bibi anajua. Sijui utalifanyaje, lakini bibi wa miaka 74 anayeona mjukuu wake akishuka kila jioni mahali ambapo hakumtuma, hawezi kukosa kujua.

Mgumu wa Zamani (Machame)

Nyongeza ndogo kwa mleta mada. Ile mibuni mitatu ya kung'oa, kama ni ya zamani itakuwa imeshambuliwa na chulebuni au kutu ya majani. Miche inayostahimili magonjwa hayo ilizalishwa na taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, pale Lyamungu, si mbali na kwetu, na mche ukitunzwa huanza kuzaa baada ya kama miaka mitatu. Haika akishajua hilo atakuwa na hesabu mbili kwenye jalada la daftari, ya miaka 11 na ya miaka 3, na nadhani atazikunja zote pamoja.

Lakini naona mmemjali dada mpaka mkamsahau kijana. Elia bado yuko Barafu, saa sita ya usiku, amelala na kitambulisho cha kaka yake mfukoni, na wageni ndio kwanza wanawasha taa za kichwani waanze kupanda. Hakuna hata mmoja wenu aliyemwuliza yeye anataka nini.